Namna ya kutengeneza albamu ya pili yenye uchungu, ukiwa na piano na sauti yako tu

Nyimbo 10 za albamu yangu ya pili zinamhusu mtu mmoja: dada yangu mkubwa, aliyenifundisha kupiga piano, na ambaye baadaye tulikaa miaka 6 bila kusemezana. Kwenye albamu ya kwanza nilikuwa na bendi nzima nyuma yangu, ngoma, gitaa na waitikiaji watatu. Ya pili nilibaki na piano peke yake. Ilinichukua miaka 2, na mwaka wote wa kwanza ulipotea kwa kosa moja ambalo sitaki wewe ulirudie.

Nililia kwa mikono na kwa mdomo kwa wakati mmoja. Nilishindilia kodi nzito, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, mguu umekandamiza pedali, huku naimba kwa sauti ya juu kabisa niliyojaliwa, na maneno nayo yakieleza jinsi nilivyoumia. Kesho yake nikisikiliza rekodi, nasikia mtu anayepiga kelele. Uchungu wenyewe siusikii. Rafiki mmoja niliyempelekea wimbo aliusikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Pole sana." Hakusema ni mzuri wala ni mbaya. Alinipa pole kama mtu aliyekuja msibani, kisha akaniuliza habari za kazi.

Tangu siku hiyo nafanya kazi kwa kanuni moja: kimoja kilie, kingine kisimulie. Mara nyingi piano ndiyo ilie, kwa kuwa haina aibu na haikauki koo. Sauti yako ibaki sauti ya mtu anayemsimulia mwenzake jambo, wamekaa karibu, hana haja ya kupaza. Zipo sehemu chache ambapo vinabadilishana zamu, na hizo uzitunze kama akiba. Nitakayosema hapa chini yote yanatoka kwenye kanuni hiyo.

Anza na kitu kinachoshikika

Usianze na hisia. Chukua karatasi, uandike vitu 20 vya huyo mtu au vya tukio hilo unavyoweza kuvishika, kuvinusa au kuvisikia. Marufuku kuandika neno kama huzuni, upendo, usaliti au machozi. Ukimaliza, pitia orodha na ufute kila kitu ambacho mwimbaji mwingine yeyote angeweza kukiandika. Mimi nilifuta picha ukutani, barua, mvua dirishani, kiti kitupu. Vilibaki 4, na kimojawapo ndicho kilichoniokoa.

Nilipokuwa na miaka 8, dada alikuwa ananiwekea sarafu juu ya mgongo wa mkono nikifanya mazoezi ya skeli, zile noti zinazopanda na kushuka kwa mpangilio, ili kifundo kisipande na kushuka. Ikianguka naanza upya. Mwanzoni sarafu ilikuwa ya baridi, naisikia kila wakati, kwa hiyo mkono ulitulia. Halafu ikawa inapata joto la ngozi yangu kidogo kidogo, mpaka nasahau kwamba ipo. Hapo ndipo ilipokuwa inaanguka.

Nilipoandika hayo niliacha kalamu. Ugomvi wetu wote ulikuwa humo. Hatukugombana tulipokuwa tunaogopana. Tuligombana tulipokwisha kuzoeana kiasi kwamba kila mmoja alisahau kumbeba mwenzake kwa uangalifu. Wimbo ule una beti 4, na hakuna mahali panapotajwa ugomvi. Ni sarafu, skeli, na mtoto anayeanza upya.

Kuhusu wakati wa kuandika nitasema kwa kifupi. Siku jeraha linapotokea usitunge wimbo. Washa simu, ujirekodi ukieleza nani alisema nini na mlikuwa mmesimama wapi, basi. Ukweli wa siku hiyo utauhitaji baadaye, na kumbukumbu hupenda kujipamba.

Piano ilie vipi

Bartolomeo Cristofori, fundi wa Florence nchini Italia, alitengeneza chombo hiki mnamo mwaka 1700. Vinanda vingi vya nyuzi vilivyotangulia vilikuwa vinadonoa uzi, na ubonyeze kwa nguvu au polepole, sauti karibu ni ileile. Yeye aliweka nyundo ndogo zinazoupiga uzi kisha zinarudi, kwa hiyo kidole chako ndicho kinachoamua ukubwa wa sauti. Hata jina piano ni kifupisho cha maneno ya Kiitaliano yenye maana ya pole na kwa nguvu. Chombo kilizaliwa kwa ajili ya umbali kati ya hayo mawili. Ukipiga albamu nzima kwa nguvu kwa sababu eti una uchungu, umeitupa zawadi yake kuu.

Jambo la kwanza la kufanya ni kuiachia sauti yako nafasi. Do ya katikati ya piano inatetema karibu mara 262 kwa sekunde, na wengi wetu tunaimba kulizunguka eneo hilo. Mkono wa kulia nao hupenda kukaa hapohapo. Ukiimba na kupiga melodi ileile kwa pamoja, vitu viwili vinagombea mlango mmoja na maneno ndiyo yanayobanwa. Peleka mkono wa kushoto chini, mkono wa kulia juu zaidi ya unavyoimba, katikati pabaki patupu. Jaribio langu ni hili: imba wimbo wote ukipiga kwa mkono wa kushoto peke yake, noti moja moja. Wimbo ukisimama hivyo, upo. Kisha rudisha mkono wa kulia pale tu unapovuta pumzi au unapomaliza mstari. Piano italia katika nafasi ulizonyamaza, na msikilizaji atajua inalilia maneno aliyotoka kuyasikia.

Jambo la pili ni pedali, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wapigaji wengi wenye moyo mzito wanapozama.

Pedali ya kulia inainua kwa pamoja vile vijipedi vinavyozima nyuzi. Piano kamili ina vitufe 88 lakini nyuzi zake zinakaribia 230, kwa sababu noti nyingi zina nyuzi 3 kila moja. Ukikandamiza pedali, hata nyuzi ambazo hujazigusa zinaanza kuitikia. Ndiyo maana sauti inakuwa pana na tamu, na ndiyo maana baada ya kodi tatu inakuwa tope. Kwenye wimbo wa sarafu sikugusa pedali kabisa katika beti mbili za kwanza. Vidole vikavu, unasikia hata kitufe kinavyorudi juu. Ubeti wa tatu, mahali sarafu inapoanguka, ninanyamaza, napiga noti moja ya chini kabisa na kukandamiza pedali kwa mara ya kwanza. Piano yote inafunguka kama mtu aliyekuwa amebana pumzi. Ningeitumia tangu mwanzo, wakati ule usingekuwepo.

Pedali ya kushoto, kwenye piano ya kulala, inasogeza nyundo ubavuni ili zipige nyuzi 2 badala ya 3; kwenye piano ya kusimama inazisogeza nyundo karibu na nyuzi. Piano nyingi za kusimama zina pedali ya tatu katikati, inayoteremsha kitambaa cha sufu kati ya nyundo na nyuzi ili upige usiku bila kuamsha watu. Rekodi nyingi za siku hizi zinakipenda kitambaa hicho. Mimi nilikitumia kwenye nyimbo 2 tu. Kitambaa kinafanya kila kitu kisikike cha huzuni, hata zoezi la mtoto la vidole vitano, na huzuni inayopatikana kwa kukanyaga pedali siiamini.

Ufunguo, yaani kimo ambacho wimbo mzima unakaa, nao uuchague kwa makini. Jaribu kila wimbo katika funguo tatu, uchukue ule ambao ubeti unaweza kuuimba karibu kwa mnong'ono, na noti ya juu kabisa unaifikia kwa shida mara moja tu katika wimbo wote. Wala usidhani uchungu lazima ukae kwenye kodi za maina, zile zinazosikika za huzuni. Wimbo wangu mzito kuliko yote uko kwenye meja, zile za kuchangamka, kwa sababu unahusu siku tuliyocheka.

Mwendo wa wimbo unabadilisha maana ya maneno

Carole King, mwimbaji na mtunzi wa Marekani, alipotoa Tapestry mwaka 1971, ikiwa albamu yake ya pili akiimba peke yake, aliweka humo wimbo alioutunga pamoja na mtunzi mwenzake Gerry Goffin zaidi ya miaka 10 nyuma, "Will You Love Me Tomorrow". Kundi la The Shirelles lilikuwa limeshaufikisha namba moja Marekani ukiwa na mdundo wa kuchezeka. King aliupunguza mwendo, akaketi kwenye piano, na swali lilelile la msichana anayetaka kujua kama atapendwa kesho likawa swali la mtu mzima anayeshuku jibu. Maneno hayakubadilika. Mtayarishaji wake, Lou Adler, alitaka msikilizaji amwone King kana kwamba ameketi mbele yake anampigia demo, yaani wimbo wa majaribio. Zisikilize rekodi hizo mbili moja baada ya nyingine kabla hujaamua mwendo wa nyimbo zako.

Kisha fanya hivi: piga kila wimbo mara mbili, mara ya kwanza polepole hadi unakaribia kusimama, mara ya pili haraka kuliko unavyodhani inafaa. Wimbo wangu wa lawama nilikuwa nauburuta. Nilipouharakisha ukawa wa mtu anayetaka kumaliza kusema kabla hajakatizwa, na ndivyo tulivyokuwa tunagombana.

Mpelekee unayemwimba

Kama yu hai, asisikie kwa watu. Hili silegezi. Una haki ya kusimulia maisha yako, na yeye ana haki ya kutoshtukizwa na maisha yake. Nilimtumia dada rekodi ya simu ya wimbo wa sarafu, bila maelezo marefu: "Shikamoo dada. Nimetunga hiki. Kuna mahali unaona nimekosea?" Nilisema nimekosea, sikusema umekasirika, kwa makusudi. Nilitaka ashughulike na wimbo kwanza, mengine yatajiamulia.

Alikaa siku 9. Jibu lilipokuja lilikuwa hivi: "Marahaba. Ubeti wa pili unatumia kidole cha nne kwenye noti nyeusi, ndiyo maana unachelewa. Tumia cha tatu." Hakuandika neno jingine. Nilikwenda kwenye piano, nikatumia kidole cha tatu, na ule mstari uliokuwa unanikwaza miezi yote ukapita kama maji. Ndivyo ulivyorekodiwa.

Na wewe ukiambiwa ondoa mstari fulani kwa sababu unamfichua mtu, uondoe. Nina wimbo mmoja niliouacha nje ya albamu kwa sababu hiyo, ingawa ulikuwa mzuri.

Siku ya kurekodi

Imba na upige kwa wakati mmoja, chumba kimoja. Studio ya kwanza niliyoingia walinitaka nipige piano kwanza nikifuata metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo, masikioni, niondoke, nirudi wiki ijayo kuimba juu yake. Tulirekodi nyimbo 4 kwa njia hiyo, zote nikazitupa. Piano ilikuwa haijui ninachotaka kusema, na sauti ilikuwa inaikimbiza piano kama mtu anayewahi gari. Ukisimulia, unasita. Mkono lazima usite nawe.

Ubaya wake ni kwamba piano itaingia kwenye maiki ya sauti, na sauti itaingia kwenye maiki za piano. Hutaweza kurekebisha kimoja bila kugusa kingine. Kubali hivyo, lakini punguza. Kuna aina ya maiki inayosikia mbele na nyuma huku ikiwa kiziwi ubavuni. Iweke mdomoni na uuelekeze ubavu wake kwenye nyuzi za piano. Nilishangaa piano ilivyofifia humo. Nyuma yake tundika blanketi zito, kwa sababu upande huo nao unasikia. Kwa piano yenyewe tumia maiki mbili za kondensa (aina inayonasa hata sauti ndogo) zinazofanana, na uhakikishe umbali kati ya maiki na maiki ni angalau mara tatu ya umbali kutoka kila maiki hadi nyuzi. Ukizibananisha, sauti zinakulana na piano inasikika nyembamba.

Fundi wa kutyuni, yaani kurekebisha sauti za nyuzi, aje asubuhi ya siku hiyohiyo, noti ya La iliyo juu ya Do ya katikati iteteme mara 440 kwa sekunde. Kama fundi hapatikani siku hiyo, ahirisha. Hewa ikibadilika unyevunyevu, ubao wa sauti unavimba au kusinyaa na tyuni inahama nao, kwa hiyo kutyuni kwa wiki iliyopita hakutoshi. Kaza kiti kisilie. Vua saa na bangili. Ila pumzi yako, mguu unaoachia pedali na mlio wa nyundo zinazorudi, viache. Hivyo ndivyo vinavyomweka msikilizaji chumbani pamoja nawe.

Teki, yaani kurekodi wimbo mzima mara moja, zisizidi 3 kwa wimbo kwa siku. Ya nne na kuendelea unaanza kuigiza uchungu ulioupata kwenye ya pili. Na usichague siku hiyo. Subiri wiki, usikilize bila kuangalia ni teki ya ngapi. Kwenye wimbo wa sarafu, teki ya pili nililia kweli, sauti ikakatika katikati ya mstari, na kila aliyekuwepo chumbani alinyamaza. Nilikuwa na hakika ndiyo yenyewe. Nikatoka, nikanawa uso, nikarudi baada ya dakika 10, nikapiga ya tatu nikiwa mtulivu, mwili umechoka. Wiki iliyofuata, teki ya pili ilikuwa inanieleza habari zangu mimi. Ya tatu ilikuwa inamweleza yule mtoto na sarafu yake. Albamu ina ya tatu.

Miksi, yaani kuzichanganya na kuzipima sauti zilizorekodiwa, iwe nyepesi. Usimwage mwangwi mpaka ionekane uliimba pangoni. Na anayefanya masta, hatua ya mwisho ya kuandaa sauti, umwambie kwa maandishi kwamba sehemu za sauti ndogo zibaki ndogo. Wakishazikandamiza zote zikalingana kwa ukubwa, kazi yote ya pedali na vidole imekwenda na maji.

Kuzipanga

Niliandika majina ya nyimbo kwenye vikaratasi 10, nikavitandaza sakafuni na kuvihamisha kwa siku kadhaa. Kilichonisaidia zaidi ni kuangalia kodi ya mwisho ya wimbo mmoja na ya kwanza ya unaofuata: zikigongana vibaya masikio yanashtuka, zikifanana mno albamu inalala. Usiweke nyimbo mbili nzito mfululizo. Nilipokuwa na nzito mbili nilizitenganisha kwa kipande cha piano bila maneno, dakika 1 na sekunde 40, ambacho kwa kweli ni zile skeli za utotoni zikipigwa polepole. Kama una nia ya kutoa sahani ya santuri, kila upande ubebe dakika 20 hivi, kwa hiyo fikiria mapema wimbo upi unafunga upande wa kwanza. Kimya kati ya nyimbo nacho kinapangwa. Baada ya wimbo wa sarafu niliacha sekunde 7.

Kuzipiga mbele ya watu

Nyimbo za namna hii zitakudai kila unapopanda jukwaani. Wimbo mzito kabisa usiuweke mwisho, kwa sababu utaondoka nao na hakuna wa kukupokea. Mimi nauweka wa nne, sauti imeshapata moto na zimebaki nyimbo za kutosha kunirudisha. Siueleze kabla ya kuuimba. Nikitoa maelezo, watu wanasikiliza maelezo.

Ukifika noti ya mwisho, ondoa mikono kwenye vitufe lakini mguu ubaki umekandamiza pedali. Nyuzi zitaendelea kulia peke yake, zikififia, na usiseme asante wala usigeuke kuwatazama watu. Kaa hapo mpaka ya mwisho ikome. Ndipo uinue mguu, na utafute kodi ya kwanza ya wimbo wa tano.